Waliokufa Kwenye Karatasi za Karanga

Mama Feza tulimzika Jumanne, na tangazo la kifo chake lilikuwa na uongo katika mstari wa pili. Wajukuu waliliandika mu simu, wakatia picha yake amevaa kikwembe cha maua, wakalituma Bujumbura, Bukavu, mpaka Ulaya kwa watu ambao hawajawahi kumletea hata kilo ya sukari. "Mjane wa marehemu Mathayo Kashindi." Nililisoma nikiwa nimeketi kilioni pale Songo, mtaa wa Uvira, nikalisoma tena, nikamrudishia kijana simu yake. "Bibi Riziki, tumeandika vizuri?" Nikamwambia picha ni nzuri. Kilio si mahali pa kusahihisha watoto. Lakini niliporudi nyumbani nilikataa chakula, na mimi si mtu wa kukataa chakula. Nikaona afadhali niandike mwenyewe, maana kati ya wote waliokuwa kwenye ule uwanja siku ile, hapa mjini nimebaki mimi.

Shule niliiacha darasa la pili, na sioni haya kulisema, kwa sababu leo nina depo ya mawese kwenye barabara ya Kalundu, na vijana wenye diplome wananiamkia asubuhi wakisubiri niwape kazi. Kusoma nilijifunza, lakini si kwa mwalimu. Nilifundishwa na maiti. Watu wengi wakitaka kueleza maisha yao wanaanza na babu, na mlima aliotoka, na ng'ombe aliokuwa nao. Mimi babu zangu nitawaacha walale. Nataka kusema mwaka mmoja tu, mwaka nilioingia kazi ya kukunja karatasi kwa Mama Feza, nchi ingali inaitwa Zaire, na mimi msichana mwenye maneno mengi na viatu hakuna.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa, na nyuma yake uwanja uliokuwa ndio nyumba yenyewe, maana maisha yote yalikuwa huko. Kulikuwa na mafiga ya kukaangia karanga kwenye mchanga wa moto, kulikuwa na sufuria kubwa nyeusi ya mikate, ile tunayokaanga asubuhi na kuuzia watu wa kazi, na kulikuwa na harufu ya mafuta iliyoingia mpaka kwenye nywele. Nikienda misa watu walikuwa wanajua nimefika kabla sijaketi. Mama Feza alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mikono imejaa alama za mafuta. Bwana wake alikuwa Mathayo, mtu mpole, mchuuzi wa chumvi, ambaye kila mara alivuka ziwa kwenda Kigoma na kurudi na magunia. Watoto walikuwa Feza, msichana wa kunikaribia umri, na nyuma yake Bahati na wadogo zake. Nyumba yote ilijua, na mimi niliambiwa wiki ya kwanza, kwamba Feza si wa Mathayo. Baba Feza alikuwa kaka yake mkubwa, aliyepotea wakati wa vita ya Mulele, ule uasi wa miaka ya sitini, mke wake akiwa na mimba. Walimtafuta mtoni Ruzizi, wakamtafuta ufukweni, hawakuona hata shati. Basi ukoo ukafanya kama inavyofanywa kwao mtu akifa bila mwili: walikata shina la mgomba, wakalivika nguo yake, wakalizika. Baada ya matanga mdogo mtu, ndiye Mathayo, akamrithi mjane. Hakuna aliyeona ubaya hapo. Mimi pia sikuona.

Karatasi tulinunua kwa Mzee Ramazani, Mwislamu wa mjini, ambaye babu zake walikuja na biashara ya ziwa zamani, na yeye akaendelea nayo. Maboti yake yalileta kutoka Kigoma sabuni, chumvi, na marundo ya magazeti ya zamani ya Tanzania yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Magazeti hayo yalikuwa karatasi ya kufungia vitu kwa mji mzima. Kazi yangu ilikuwa kuyakata, kuyakunja kama pembe, kusokota mkia, na kupanga pembe hizo ndani ya beseni zikingoja karanga. Mwanzo niliona weusi tu kwenye weupe. Halafu siku moja mkasi ulinisimama juu ya uso wa mtu. Ukurasa mzima ulikuwa nyuso, kila moja ndani ya kisanduku, na chini yake maneno. Nikazijua herufi chache kutoka lile darasa la pili, nikaanza kuzisukuma, moja moja, kama mtu anavyosukuma mashua kwenye tope.

Kitu kizuri cha matangazo ya vifo ni kwamba yanarudia maneno. Umetutoka. Tunakukumbuka. Mke wako. Watoto wako. Bwana alitoa. Hata mbuzi ukimwambia maneno hayo kila siku atayajua. Kabla ya mvua kuanza nilikuwa nasoma tangazo zima kwa sauti, silabi kwa silabi, mdomo ukitangulia na akili ikifuata nyuma na mzigo wake. Hilo mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililotuua. Mtu aliyesoma shule anaona sentensi kabla ya kuisema. Mimi nilikuwa naisema kwanza, halafu ndipo nasikia nimesema nini, tena mara nyingi waliokaa pembeni walisikia kabla yangu.

Wanawake wa uwanjani walipenda kupita kiasi. Asubuhi karanga zikiwa motoni, sauti ya kwanza ilikuwa ya Mama Nzeyi, Mrundi wa Nyakabere aliyetuletea karanga mbichi kutoka shambani, mwanamke wa kicheko kikubwa na meno ya kahawa.

"Weye Riziki! Leo nani amekufa?"

"Bado naangalia."

"Usinipe muzee. Bazee banakufa tu, ni kazi yao. Unitafutie kijana mwenye sura."

"Mama Nzeyi, unataka kuolewa na maiti?"

"Yule wa kwangu iko hai na hanisaidie kitu. Pengine maiti itakuwa nafuu." Halafu akichungulia karatasi: "Ona hata kola ya shati! Batu ba Tanzania banakufa vizuri. Minye nikikufa, nani atanipeleka mu gazeti?"

"Weye tutakufungia karanga," Mama Feza alimjibu, na wote wakacheka, mpaka Feza ambaye hakuwa mtu wa kucheka.

Lakini nikianza kusoma kicheko kilikatika. Nawaambia kweli, mimi nilikuwa nimezoea vifo, hapa kwetu mtoto anazoea vifo kama anavyozoea ugali, lakini sikujua mtu anaweza kufupishwa namna ile na bado akakuumiza. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Tabora aliyekufa wiki ya harusi yake, na tangazo limewekwa na mchumba, na mchumba amejiita "mkeo". Kulikuwa na mama aliyewashukuru manesi wote kwa majina, mstari baada ya mstari, halafu mwisho kabisa, kama aliyekumbuka mlangoni, akaandika kwamba mtoto mwenyewe hakuwahi kupewa jina. Kulikuwa na mzee mwenye kofia ambaye familia yake ilimkumbuka kila mwaka kwa picha ile ile. Nilimpata kwenye marundo mbalimbali. Kwanza alikumbukwa na mke, watoto na kaka zake. Kwenye gazeti lingine mke hayupo. Kwenye lingine wamebaki watoto wawili. Kwenye la mwisho nililoliona kulikuwa na jina moja, la mwanamke, bila kusema ni nani wake. Nilikaa na karatasi ile nikashindwa kuikunja. Mama Feza akaichukua, akaiweka ndani, chini ya godoro. Alikuwa anawalilia watu wale. Mwanamke ambaye bei ya karanga hapunguzi hata ukipiga magoti, alikuwa anafuta macho kwa ajili ya mwalimu wa Tabora. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Beko na bahati. Balioneka." Wana bahati, wameonekana; maana yake mwili umeonekana, mtu amezikwa mwenyewe na si mgomba.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, asubuhi ya kati, mikate imekwisha na sombe, majani ya muhogo, iko motoni kwa chakula cha mchana. Mama Nzeyi alikuwa anapepeta. Feza alikuwa anachambua karanga mbovu, miguu ameinyoosha. Nilifungua rundo jipya, nikaona uso wa mwanaume mwenye mashavu yaliyoingia ndani, nikasema leo nimepata mwanaume. Nikaanza.

"Fa-mi-li-a ya ma-re-he-mu Pe-te-ro Ka-shi-ndi, fu-ndi wa ma-shu-a, wa U-ji-ji..."

Lazima niseme hapa kwamba mimi jina hilo sikulijua. Nilikuwa nimekula kwenye ile nyumba karibu mwaka mzima, na yule marehemu kwangu alikuwa Baba Feza tu. Mathayo nilimwita Baba Bahati kama watu wote. Jina la ukoo wao sikuwahi kulihitaji. Kwetu ukishapata mtoto, jina lako linawekwa kabatini. Kwa hiyo nilisonga mbele, nikijisikia fahari maana siku hiyo nilikuwa nasoma haraka. Nikasoma kwamba aliugua kifua. Nikasoma kwamba ameacha mjane na watoto. Nilisikia ungo wa Mama Nzeyi umenyamaza, nikafikiri ni heshima ya usomaji wangu.

"...A-li-za-li-wa U-vi-ra, Ko-ngo. A-li-ki-mbi-a vi-ta. Mke wa-ke wa kwa-nza na m-to-to a-li-ye-ku-wa tu-mbo-ni wa-li-fa-ri-ki hu-ko."

Nilifika kwenye nukta. Ndipo nikainua kichwa. Mama Feza alikuwa amesimama na mwiko mkononi, mafuta ya sombe yanamdondokea kwenye mguu, na hatikisiki. Sijawahi kuona tena uso ule kwa mtu yeyote, na nimeona vita nyingine mbili zimepita mji huu. Hakulia. Alikuwa ananiangalia mimi kama vile mimi ndiye nimetoka kaburini.

Feza ndiye aliyesema kwanza. Alisema taratibu, bado anachezea karanga: "Mama, minye njo nilikufa?" Yeye ndiye aliyekuwa tumboni.

"Mana yanje," Mama Nzeyi akamwita Mungu kwa Kirundi chake, akakaa chini kwenye vumbi.

Mama Feza alikuja, akaitwaa karatasi. Hakujua kusoma. Aliangalia picha tu, aliiangalia karibu, aliiangalia mbali, akapitisha kidole kwenye mashavu yale. "Amekonda," alisema. Halafu akafungua kilemba chake, akakiweka pembeni, akavua viatu, akakaa kwenye udongo mtupu na miguu mbele, kama mjane anavyokaa siku ya kwanza. Tukafikiri ni mshtuko. Mama Nzeyi alimshika mkono akimwambia hao ni bantu banafanana majina, dada, Kashindi beko wengi. Yeye alijibu sentensi moja: "Bwana wangu amekufa." Na sisi sote tulidhani tunajua ubaya mzima wa jambo hilo: mtu alikimbia, akaambiwa mke amekufa, naye mke akaambiwa mume amekufa, na katikati ziwa tu, ambalo ukiwa Songo jioni unaliona mpaka taa za Bujumbura ng'ambo. Ulikuwa ubaya wa kutosha. Hatukujua kwamba uko mwingine unapanda mlima na gunia begani.

Mathayo aliingia mchana kuja kula. Alimkuta mke wake chini, kichwa wazi, sisi tumemzunguka, sombe imeungua. Akashusha gunia. "Nani amekufa?"

Mama Feza hakumwangalia. "Kaka yako."

Na Mathayo akauliza, "Lini?"

Niandike polepole hapa. Mtu ambaye kaka yake alizikwa tangu Feza yumo tumboni, mtu aliyeshika mwenyewe upande wa mguu wa ule mgomba, ukimwambia kaka yako amekufa, atakuuliza kaka yupi. Atakuambia una homa. Atacheka. Yeye aliuliza lini. Neno lilimtoka kama lilivyokuwa linanitoka mimi kwenye kusoma, mdomo mbele, akili nyuma. Nikaona akili inamfikia. Akakalia gunia lake la chumvi.

"Weye ulijua," Mama Feza akasema.

"Mama Feza..."

"Ulijua iko hai."

"Siyo mwanzo. Naapa kwa Mungu, siyo mwanzo. Tulipozika minye nililia kuwapita wote." Alikuwa anazungumza na udongo. "Safari ile ya kwanza ya chumvi. Nilimukuta Ujiji, anagongomea mashua. Weye ulikuwa unamnyonyesha Bahati. Yaya, kaka yangu mkubwa, akanikumbatia, akaniuliza, bibi yangu iko? Mimba yangu iko? Nikaona Bahati mbele ya macho. Nikasema hapana, bote walikufa."

"Ukasema nimekufa."

"Nikasema hivyo. Halafu nikashindwa kurudisha."

"Kila safari ya chumvi?"

Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anakula kwa kaka yake kila safari ya chumvi. Feza alisimama, akaenda mpaka mbele yake, nikafikiri atampiga. Alimuuliza tu, "Alikuwa mrefu?" Mathayo akainua mkono kuonyesha kimo, akaushusha.

Mimi sikumchukia Mathayo, na watu wakinisikia nasema hivi wanashangaa. Nimefanya biashara maisha yangu yote, najua uongo unavyoingia nyumbani: haubishi hodi kwa ngumi, unaingia kama mgeni wa siku moja, baadaye unaukuta una kitanda. Lakini kutokumchukia si kumtetea. Aliwazika watu watatu akiwaona wanapumua.

Tulitegemea kelele, tulitegemea sufuria zirushwe. Mama Feza alifanya kitu kibaya zaidi: aliomboleza. Alitandika mkeka uwanjani, akawasha moto wa kilio, akatuma habari kwa majirani na kwa ukoo wote kwamba Petero amefariki Ujiji, karibuni. Na watu wakaja. Wangefanya nini? Kifo ni kifo. Walikuja na kuni, na unga, na pombe ya kasiksi, wakikuta mjane amekaa chini, na karibu naye, kama desturi inavyotaka, ndugu wa marehemu anayepokea pole. Ndugu huyo alikuwa Mathayo. Kila mtu alimpa mkono, akamwambia pole kwa kaka yako, na kila mtu, bila ubaya wowote, alimuuliza: "Kumbe alikuwa hai? Mulipata habari namna gani?" Na kila mara ilimbidi afumbue mdomo. Siku za kwanza alijaribu kukohoa. Baadaye alianza kusema kweli, kwa sauti ndogo, kwa mtu mmoja mmoja, mpaka mji mzima ukaipata kutoka kinywani mwake mwenyewe. Mjane akiwa mkekani hapiki wala hashikwi na mwanaume, hata awe nani. Basi mume huyo aliyekuwa hai alilala na waombolezaji kando ya moto, akala chakula cha msiba wa mke wake. Mimi ndiye niliyekuwa namletea sahani. Alikuwa ananishukuru kila mara, na shukrani zile zilinichoma kuliko angenitukana.

Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walifika. Wote tulijua kilichokuwa kinangojwa, na kilikuwa kizito, kwa sababu kiwanja kilikuwa cha ukoo, watoto walikuwa wa ukoo, na mahali pa kukaangia karanga palikuwa pa ukoo. Kwao mjane akishanyolewa anapewa kibuyu kidogo cha maji. Akimpa ndugu wa marehemu, amemkubali. Akimpa mtoto wake, amebaki mjane wa yule aliyekufa, na hakuna mwanaume wa ukoo atakayemgusa. Mzee mkubwa alimnyoa, akaweka wembe chini, akataka kuomba na kufunga.

"Bado hamujaniuliza," Mama Feza akasema.

Mzee alicheka kidogo, cheko la kutafuta mlango. "Mama, weye ulishaulizwa zamani. Bwana wako huyu hapa."

"Ile safari mulinipa kibuyu juu ya mgomba. Leo iko juu ya muntu. Muniulize."

"Na akikukatalia kiwanja?"

"Muniulize, nitajua."

Wazee wakaangaliana. Mama Nzeyi, ambaye hata hakuwa wa ukoo, akasema kwa sauti kutoka nyuma, "Maji ni bure, bazee! Munaogopa nini?" Ikabidi walete kibuyu. Mama Feza alisimama nacho, miguu imekufa ganzi kwa kukaa, akapita mbele ya Mathayo. Mathayo alikuwa amenyoosha mikono yote miwili. Sijui kama alikuwa anaomba au alikuwa amezoea tu, maana safari ya kwanza alipokea hivyo hivyo. Mama Feza akampita. Akampa Feza, na Feza akanywa mpaka mwisho bila kupumua, maji mengine yakamtiririka shingoni.

Hakuna aliyemfukuza Mama Feza. Mathayo mwenyewe alisimama mbele ya wazee, akasema kiwanja ni cha kaka yake na mjane wa kaka yake, na yeye ni mgeni. Akahamia kile chumba cha nje cha kuwekea kuni. Miaka iliyofuata Feza alivuka, akawakuta ndugu zake wa Ujiji, akaolewa huko huko; Bahati na wadogo zake walikua wakila na mama yao na kumpelekea baba yao sahani. Mama Feza alikuwa akimpakulia mwenyewe, tena nyama nzuri, lakini hakuuvuka uwanja mpaka mlangoni kwake. Mimi niliondoka na kwenda kujitafutia yangu, ila kila Jumapili nilipita kumsalimia, na nikawa naona mvi za wote wawili zinaongezeka kwa kasi moja, kila mmoja kwenye mlango wake.

Mathayo alipofariki nilifunga depo, nikakimbia Songo. Niliwakuta wanawake wamejaa, mkeka umetandikwa, moto unawaka, na mahali pa mjane ni patupu. Nikamtafuta chumbani, nikamtafuta jikoni. Halafu nikamwona anaingia kutoka barabarani kupitia mlango wa mbele wa nyumba yake mwenyewe, amejifunga kikwembe safi, kichwani beseni la unga, mkononi ameshika mchango wake. Alimpa pole Bahati. Akatoa unga, akauliza kuni zinawekwa wapi, akaja akaketi kando yangu, upande wa majirani.